Mkono Haurithiwi

Mashine haina adabu. Ingekuwa nayo, printa ya Kidawa isingegoma Ijumaa ile asubuhi, wanawake wa kofia wako njiani na shemeji yake ameshaapa kuja kumbebea kila kitu. Ingegoma siku nyengine yoyote aliyoiumba Mungu. Lakini iligoma siku ile ile, ikawasha taa nyekundu, na Kidawa akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Leo?" aliiambia. "Huna siku nyengine ila leo?"

"Unasema na nani?" Khamisa aliuliza kutoka jikoni.

"Nnasema na adui."

Khamisa alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Alihamia pale ghorofani Mkunazini tangu siku ya msiba, na tasbihi yake na kikoba chake, kuja kukaa na Kidawa asiwe peke yake. Kukaa naye, na kumchunga pia. Hilo la pili hakulisema, lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Maana Kidawa alikuwa kizuka. Mumewe, Himid, alifariki masika yale, na yeye alikuwa anakaa eda ya mjane, miezi minne na siku kumi: hatoki nje ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamume asiye maharimu wake haingii alipo. Kidawa hakuwa na ugomvi na eda. Alimpenda mumewe, alimlilia mpaka sauti ikamkauka, na kumkalia eda aliona ni haki ya marehemu na ni amri ya Mola wake. Ugomvi wake ulikuwa na watu wanaoiongezea. Kila siku eda ilizaa sharti jipya. Mara kizuka hacheki. Mara kizuka hasogei dirishani. Mara kizuka hagusi kompyuta. "Imeandikwa wapi?" Kidawa akiuliza, na anayeulizwa hukohoa.

Kompyuta ndiyo iliyowauma zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yake. Kidawa alikuwa mchora nakshi za kofia. Zile kofia za kushona kwa mkono ambazo mtu huvaa siku ya Maulidi na siku ya harusi yake, na mshonaji hukaa nayo moja wiki kwa wiki akitoboa na kuzungushia uzi, haziji hivi hivi. Lazima awepo mtu wa kuichora nakshi kwanza. Kidawa akiichora kwenye kompyuta na kuitoa kwa printa katika karatasi pana, washonaji wakija kuchukua karatasi zao, na huko kwao wakilaza kitambaa cheupe juu yake na kuifuata michoro kwa penseli. Himid alikuwa na duka Darajani, yeye akipokea kofia na kuziuza, na mji mzima ukiziita kofia za Himid.

Hilo lilimkereketa Kidawa mpaka leo, Mungu amsamehe mumewe. Himid hakupata kusema uongo hata siku moja kwamba anachora yeye. Wala hakupata kusema ukweli. Mtu akimwambia, "Mashaallah Himid, una mkono wewe!" yeye alicheka tu na kumfungia mtu kofia yake. Kidawa akimuuliza, "Na mbona husemi?" humjibu, "Nisemeje, mke wangu? Mie na wewe si kitu kimoja?" Sasa nusu ya hicho kitu kimoja imekwenda kaburini, na watu wakadhani imekwenda na nusu ya pili.

Au walijifanya kudhani. Gharib, mdogo wake Himid, khitma haijapoa alikuja akasimama chini ya ngazi na kupaza sauti mtaa mzima usikie.

"Shemeji! Ile kompyuta na ile mashine ni vitu vya marehemu. Vinaingia katika mirathi. Ntakuja kuvichukua nivihifadhi. Na wale washonaji usijitie tabu nao, ntawashughulikia mie. Nakshi mpya tena hakuna, aliyekuwa akizichora keshatangulia, lakini za zamani zipo, zitatosha."

"Mirathi ataigawa kadhi, si wewe," Kidawa alijibu kutoka juu, nyuma ya pazia. "Hata masufuria ayagawe. Lakini mkono haurithiwi, Gharib. Mkono ninao mie, na bado uko moto."

Gharib akasonya akenda zake. Lakini hakulala. Aliwapigia simu washonaji, mmoja mmoja, akawaambia kwamba Ijumaa akitoka msikitini anakwenda kuvihamisha vyombo vya kaka yake, na kuanzia hapo kila mwenye sindano yake afike dukani kwake. Bi Salhiya wa Makunduchi, mkubwa wa washonaji wote, akampigia Kidawa.

"Mwanangu, sie tunataka nakshi mpya ya Maulidi. Gharib anasema haipo. Ikiwa ipo, Ijumaa baada ya sala tutakuja tuione kwa macho. Ikiwa haipo, utusamehe, tutakwenda kwake. Mikono haikai bure."

"Ipo," Kidawa alisema.

Na ilikuwepo. Ilikuwa imo ndani ya kompyuta, imekamilika, na nzuri kupita zote alizopata kuchora. Kilichobakia ni karatasi tu, na karatasi ndiyo iliyokataa kutoka. Wakija wakikuta meza tupu, Kidawa alijua, ameshazikwa na yeye akiwa hai.

Khamisa alisema si wamtume mtu dukani akaichapishe, duka liko hapo chini kwenye kona. Kidawa hakutaka kusikia. Nakshi ikitoka nje kabla ya siku yake huota miguu. Mwaka walioichapisha mtaani, kabla wiki haijatimia ilikuwa imetandazwa Mwanakwerekwe nzima, imeigwa kwa cherehani, vibaya mpaka mtu unaona haya kuitazama.

"Basi itakuwaje?" Khamisa aliuliza.

"Nnampigia fundi."

Fundi alikuwa kijana mmoja anaitwa Usi, mwenye karakana yake huko huko Mwanakwerekwe, ndiye aliyewauzia ile printa. Alipokea mara moja.

"Assalaam alaykum, Bi Kidawa. Poleni na msiba. Imekuwaje, nichukue vespa nije sasa hivi?"

"Usije. Nnakaa eda."

"Astaghfirullah, nilisahau. Basi hapana tabu. Ntaingia kwa mbali."

Khamisa alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani ataingia?"

"Fundi. Anaingia kwenye kompyuta."

"Mwanamume?"

"Yuko Mwanakwerekwe, Khamisa!"

"Kuingia ni kuingia. Tangu lini kukawa na kuingia kwa mbali na kuingia kwa karibu?"

"Tangu kulipokuwa na redio. Yule shekhe unayemsikiliza kila alfajiri, amekaa humu ndani na sisi?"

Khamisa alilifikiri hilo. Alilifikiri vizuri, mwiko ukimdondokea mchuzi kwenye kanga. Kisha alivuta kiti, akaketi baina ya Kidawa na kompyuta kama askari wa forodhani, na kuanza kuvuta tasbihi.

Usi alimwelekeza Kidawa afungue kile kiprogramu alichomwekea Himid zamani, amsomee namba zilizoandikwa pale. Kidawa akasoma. Kikapita kitambo kidogo, na ule mshale wa kwenye kioo ukaanza kwenda wenyewe, huku na huku, hapana mkono uliougusa.

"Toba!" Khamisa akaruka. "Unakwenda wenyewe!"

"Ni mie, bibi, usiogope," Usi alisema kwenye simu, ambayo Kidawa aliiweka spika juu ya meza.

Kidawa naye hakupendezwa. Ilikuwa kama mtu anapekuapekua mezani kwake, na mtu mwenyewe humuoni. Lakini maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akatazama mshale unavyokwenda.

"Naona hapa umeibonyeza mara nyingi, Bi Kidawa. Kazi zimelundikana."

"Nilipandwa na hasira."

"Nnazifuta zote tuanze upya." Mshale ukazunguka, ukafuta, ukafungua ile nakshi yenyewe. Ikajaa kioo kizima, na Usi akausimamisha mshale. "Mashaallah. Hii ni kazi ya marehemu?"

"Ni kazi ya aliye hai," Kidawa alisema.

Usi alielewa. Kijana ana akili. "Basi nimekosa, unisamehe," alisema, na Kidawa akayaweka maneno hayo moyoni, maana katika watu wote waliopanda ngazi ile kumpa pole, hakuna mmoja aliyemwomba radhi kwa hilo.

Printa ikaamka. Ikanguruma, ikajivuta, ikakohoa mara moja, ikawasha tena taa yake nyekundu. Kwenye kioo yakatoka maandishi kwamba karatasi imenasa.

Kidawa akavuta trei. Karatasi zimekaa kitako, nyeupe, hazina hata mkunjo. Akafungua mfuniko wa mbele. Hamna kitu.

"Inasema uongo hii," alisema.

"Haisemi uongo, Bi Kidawa. Kuna kitu kimenasa, ila yenyewe haikijui jina. Kwake kila kitu ni karatasi. Hebu nipigie kwa video nikitazame."

Hapo Khamisa alisimama wima.

"Kwa video hapana! Hilo silikubali. Kizuka aonekane na mwanamume kwenye simu? Watu watasema nini? Gharib atasema nini?"

"Gharib," Kidawa alisema, na sauti yake ikapanda mpaka njiwa wa dirishani wakaruka, "Gharib aseme anavyotaka! Nimeuliza, Khamisa, nimeuliza kwa wanaojua. Kusema na mwanamume kwa haja si haramu. Eda imenikataza manukato, haikunikataza mkono. Imenikataza kutoka, haikunikataza kula jasho langu. Himid nimemkalia, na ntamkalia mpaka siku ya mwisho, hata saa moja sitaipunguza. Lakini sikufa naye! Huyu kijana ataona mashine. Mie ntakuwa nyuma ya simu. Hataona hata ukucha wangu."

Khamisa hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Akaketi polepole.

Kidawa akaigeuza kamera, akaielekeza kwenye printa. Alifungua mfuniko wa juu, pale panapowekwa karatasi za kunakiliwa, na pale pana kioo kipana cheusi, kinang'ara. Kidawa hakukifikiria. Khamisa ndiye aliyeona, ndani ya kile kioo, uso wa Kidawa umetokeza waziwazi, na simu mkononi.

"Uso! Uso wako!" akapiga ukelele, akavua kanga yake begani na kuitupa juu ya mashine nzima.

"Bi Kidawa," Usi alisema, "kumeingia giza."

"Si giza. Ni wifi yangu."

Walipokwisha kuiondoa kanga na kuufunga ule mfuniko, Usi alimwambia azungukie nyuma, kuna kijimlango, akibonyeze kifunguke. Kidawa akawasha tochi akaitia simu mpaka ndani.

"Rudi kidogo. Hapo hapo. Hicho cheupe kilichojiviringisha kwenye rola ni nini?"

Kidawa akachungulia. Akaguna. Akachungulia tena.

"Ni nguo," alisema. "Ni kipande cha nguo."

Khamisa akaacha kuvuta tasbihi.

Kidawa akageuka akamtazama. Wifi yake alikuwa akiitazama dari.

"Khamisa?"

"Siku ya msiba," Khamisa alisema, kwa sauti ndogo, "si tulifunika vioo? Nyumba ya msiba, vioo hufunikwa. Nikafunika cha kabati, nikafunika cha ukumbini, nikafunika televisheni. Halafu nikaona na hii ina kioo."

"Ukafunika printa."

"Kioo ni kioo! Nilichana shuka kuukuu nikaitandaza. Umeme ulipokatika na kurudi, mashine ikanguruma yenyewe ikaivuta ncha. Nikaogopa, nikavuta na mie. Ikachanika. Nikasema basi, imekwisha."

Kidawa alitaka kukasirika. Alikwishajaza kifua pumzi ya kukasirika. Lakini aliwaza wifi yake, usiku wa msiba, anavutana shuka na printa, na kicheko kikamtoka ambacho hakukijua kiko wapi siku zote zile. Alicheka mpaka akashika meza. Khamisa alimtazama kwa hofu, akataka kusema kizuka hacheki, midomo ikamkataa, akacheka na yeye, machozi yanamtoka, anasema, "Himid angekuwepo! Laiti Himid angekuwepo!" Wakacheka na wakalia kwa pamoja, na Usi huko kwake akangoja kwa adabu.

Ndipo adhana ilipoanza, msikiti wa nyuma ya nyumba kwanza, kisha na wa Mwanakwerekwe ndani ya simu, unafuatia nyuma kidogo.

"Bi Kidawa, mie nnakwenda Ijumaa," Usi alisema. "Usiiguse. Nikitoka tu nakupigia, nakuelekeza namna ya kuitoa rola bila ya kuivunja."

"Ukitoka wewe na Gharib anatoka. Anakuja na hamali na mkokoteni."

"Lakini ukiikosea hiyo rola, haitengenezeki tena."

Kidawa aliitazama mashine. Kama ataivunja, kwisha kazi. Kama atangoja, kwisha vile vile, tena kwa aibu, amekaa kitako.

"Nenda kasali, mwanangu," alisema. "Utuombee."

Alichomoa waya. Akaleta sindano zake, na mkasi wake mdogo wa kukatia uzi, na miwani. Khamisa bila ya kuambiwa akashika tochi. Kidawa akainama, akaingiza sindano chini ya uzi wa mwanzo, akauinua, akaukata. Kisha wa pili. Nguo ilikuwa imekaza, imejisokota na vumbi la wino, na rola yenyewe laini kama ufizi wa mtoto, ukiidunga umeiharibu. Mara moja sindano iliteleza. Khamisa alisema "Bismillah" kwa nguvu mpaka tochi ikatikisika. Sindano ikasimama kabla ya kufika. Kidawa akafuta jasho, akaendelea. Huko nje khatibu alikuwa anahutubu kuhusu haki za mayatima, maneno yanaingia dirishani yanatoka, na mji mzima kimya.

Nguo ilitoka kwa vijipande, cha mwisho kirefu kama utambi. Kidawa akazungusha rola kwa kidole. Ikazunguka, nyepesi.

Akafunga, akachomeka waya, akabonyeza. Printa ikanguruma, ikavuta, na karatasi ikaanza kutoka. Ikatoka polepole, mstari kwa mstari, na Kidawa akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Nakshi ile aliichora ndani ya eda. Ilikuwa ni dirisha lake, vile vitundu vya ubao na jua linavyopita asubuhi, vimepangana kuizunguka kofia na kukutana juu. Hana alichokuwa akikiona zaidi ya hicho, basi akakichora hicho. Akaitazama na moyo wake ukajaa. Hakuona haya kujisifu. Bila ya mie hii angeiweza nani, alijiambia, na akabonyeza zitoke nyengine.

Washonaji walifika kabla karatasi hazijapoa. Waliacha viatu chini, wakapanda, wengine wa Kikwajuni, wengine wa shamba, na Bi Salhiya mbele anahema.

"Shikamoo, Bi Salhiya."

"Marahaba, mwanangu. Iko?"

Kidawa akamtilia karatasi mkononi. Bi Salhiya akaipeleka dirishani, akaifuata kwa ukucha, mzunguko mmoja mpaka mwisho, na wenzake wakajazana begani mwake. Hatimaye Bi Salhiya akashusha pumzi.

"Himid, Mungu amrehemu. Aliiacha hii?"

Na hapo Kidawa angeweza kunyamaza. Alikuwa amezoea kunyamaza. Himid angecheka tu na kufunga kofia.

"Himid hakuacha nakshi hata moja," alisema. "Himid hakujua kuchora hata duara. Zote ni zangu. Tangu ile ya mwanzo mliyoishona."

Bi Salhiya akamkazia macho. "Na ukanyamaza miaka yote hiyo?"

"Nilidhani ni heshima."

"Heshima ya nani?" Bi Salhiya alikuwa amekasirika kikweli. "Mie nimeuombea dua mkono wa Himid kila nikitunga uzi! Nimeombea mkono sio! Wewe mtoto una wazimu." Kisha akamvuta kichwa akambusu utosini, na karatasi hakuiachia.

"Hodi!"

Sauti ya Gharib ilitoka ngazini. Alikuwa amepanda mpaka mlangoni, kanzu yake ya Ijumaa inanukia udi, na chini kwenye kichochoro hamali alikuwa amesimamisha mkokoteni, watu wanapita wakijibana. Khamisa akateremsha pazia la mlango kwa haraka.

"Shemeji, nimekuja na mtu. Funikeni hiyo mashine itolewe. Na nyinyi washonaji, nilisema mje dukani, hapa mnatafuta nini? Mwanamke yumo edani, hana ruhusa ya kuendesha biashara. Mtamtia katika madhambi bure."

"Mashine haitoki, Gharib," Kidawa alisema. "Kadhi akisema itoke, ntaibeba mwenyewe nikuletee eda ikisha. Leo haitoki. Na madhambi yangu niachie, nayajua yalipo."

"Usinijibu hivyo mbele za watu!"

"Wewe umekuja kunisemesha mbele za watu."

Gharib akafungua kinywa, na simu juu ya meza ikalia. Kidawa akaipokea, na kwa mazoea ya asubuhi akaitia spika.

"Bi Kidawa," sauti ya Usi ikajaa chumba kizima mpaka ngazini, "nimeshatoka msikitini. Haya, nirudi ndani?"

Lo! Bi Salhiya alitazama kabatini kama kuna mtu.

"Nani huyo?" Gharib alifoka. Pazia likatikisika. "Nani huyo arudi ndani? Eda haijesha, keshaingiza wanaume! Na mie nimekaa kama mjinga! Nimejizuia, sikufungua mdomo, nahesabu siku zako moja moja, eda ikisha nikuoe nikusitiri, wewe na huo mkono wako mbakie katika ukoo wetu, nakshi zisende kwa mtu, na wewe—"

Alijisikia mwenyewe akakata.

Kidawa alikuwa amesogea karibu na pazia. Hakupaza sauti tena.

"Mkono wa nani, Gharib?"

Gharib akarudi nyuma hatua moja.

"Si ulisema mchoraji keshatangulia? Si umewapigia hawa wote ukawaambia nakshi hakuna tena? Kumbe unaujua mkono wa nani. Umejua siku zote. Ulitaka uwafukuze hawa kwanza, nibaki sina kazi sina mtu, halafu uje unioe kwa huruma." Akalishika pazia kwa mkono. "Na kunitamkia posa ndani ya eda ya kaka yako, hapa, baada ya sala ya Ijumaa. Haya, hilo nalo limeandikwa wapi?"

"La kuvunda halina ubani," Bi Salhiya alisema, na akatema mate pembeni.

Gharib akatafuta msaada pale alipouzoea. "Khamisa! Mwambie! Wewe ndiye uliyekaa naye humu, wewe ndiye shahidi, mwambie!"

Khamisa alikuwa amesimama na tasbihi mkononi. Aliitia mfukoni. Akalisogeza pazia, akamtazama mdogo wake usoni, na walioiona sura yake siku ile walisema hawakuwahi kudhani kama anayo.

"Tangu tumemzika Himid nimekaa hapa nikimchunga mke wake na wanaume," alisema. "Nimemchunga na fundi aliye Mwanakwerekwe. Nimemchunga na kioo. Kumbe wa kuchungwa naye anatoka katika ziwa nililonyonya mie. Shuka ngazi, Gharib. Huyu si maharimu wako na umesimama mlangoni kwake."

"Khamisa, sikiliza—"

Khamisa akaufunga mlango akatia komeo. Mlango wa zamani, wa mti mzito, ukajaa katika fremu yake kwa kishindo. Gharib akaupiga kwa kiganja, mara ya kwanza kwa ghadhabu, mara ya pili kwa kubembeleza.

"Khamisa! Fungua! Mie ndugu yako!"

"Ndiyo maana nimefunga," Khamisa alisema.

Kwenye simu, Usi alikuwa bado anaita, "Bi Kidawa? Bi Kidawa, vipi, niingie?" Kidawa akamwambia asiingie, mashine imeshatengenezeka, na Mungu amlipe. Kisha akaongeza karatasi kwenye trei, maana washonaji walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa anataka yake.